Visu viwili vibovu na kimoja cha kununua: kisa cha bucha ya Kariobangi

Mpwa wangu anauza nyama ya mbuzi Kariobangi South, Nairobi. Mzoga anautoa kwenye machinjio ya Kiamaiko alfajiri, mchana anapima kilo na nusu kilo, jioni anawasha jiko la choma kando ya bucha. Alinijia na swali moja: "Mjomba, nina elfu mbili na mia tano. Kati ya D2, 440C, 1095 na hii 8Cr13MoV, ninunue kisu cha chuma gani?"

Nilifanya kazi miaka mingi katika karakana ya vifaa huko Industrial Area, kazi yetu ikiwa kugumisha chuma kwa moto na mafuta, kwa hiyo katika ukoo wetu swali lolote la kisu, jembe au nati huishia kwangu. Hili sikulijibu hapo hapo. Nilimwambia alete kwanza visu anavyovitumia. Mtu aliyeshindwa na visu viwili atashindwa na cha tatu pia, kiwe cha chuma gani, mpaka ijulikane viwili vya kwanza viliharibiwa na nini.

Kisu cha namba bila herufi

Cha kwanza alikinunua Gikomba, kwa mchuuzi anayetandaza visu, miiko na mikasi juu ya turubai. Bapa linang'aa, kipini ni cha plastiki nyeusi, na ubavuni kimechapwa namba 440 bila herufi yoyote. Malalamiko yake: asubuhi kinakata vizuri, kufika saa tano kinaisugua nyama badala ya kuikata.

Namba 440 ikiwa peke yake haisemi mengi. Katika viwango vya Marekani kuna 440A, 440B na 440C, na tofauti yao kubwa ni kaboni, ile inayokipa chuma ugumu. A ina asilimia 0.60 hadi 0.75, B inaanzia hapo hadi 0.95, na C inapanda hadi 1.20. Zote tatu zina kromiamu asilimia 16 hadi 18, kwa hiyo zote hukawia kushika kutu. Mtengenezaji aliyetumia C ataiandika hiyo herufi kubwa iwezekanavyo, maana ameilipia. Anayeandika 440 tupu, mimi nachukulia kwamba ni A, au ni kitu cha chini ya A kilichoazima jina.

Tulikuwa na sumaku iliyong'olewa kwenye spika mbovu, na tupa mpya. Sumaku ilinata. Hilo liliondoa shaka moja tu: bapa halikukatwa kwenye bati la 304, ile stenlesi ya masufuria na vijiko yenye kromiamu 18 na nikeli 8, ambayo haigumishwi kwa moto hata ukiichoma mwezi mzima, na ambayo sumaku haiishiki au huishika kwa shida. Mbali na hapo sumaku haikuambii lolote, kwa sababu stenlesi yoyote ya visu hunata, nzuri na mbaya. Watu wanaozunguka Gikomba na sumaku mfukoni wakidhani wanapima ubora wanajichosha bure.

Tupa ndiyo iliyosema. Uijaribu karibu na kipini, mahali ambapo mkwaruzo hautadhuru makali. Kwenye kisu kilichogumishwa sawasawa tupa huuma kwa shida, na kikiwa kigumu sana huteleza kabisa. Kwenye hiki iliuma kwa mkono mwepesi na kutoa unga wa chuma. Kwa kukisia, ugumu wake ulikuwa chini ya 50 katika kipimo cha Rockwell C, ilhali kisu cha bucha cha kuaminika huwa kati ya 54 na 58.

Kisha nikaelekeza makali juu, chini ya taa. Makali mazima hayarudishi mwanga. Utaona mstari mweusi tu. Haya yalikuwa na vimeto urefu wote, na ukipitisha kucha kutoka ubavuni kuelekea ukingoni, upande mmoja inateleza na upande wa pili inakwama. Hayakuwa yamelika. Yalikuwa yamejikunja.

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotea. Kisu hupoteza makali kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ina dawa yake. Makali ya chuma laini hujikunja. Makali ya chuma kigumu kupita kiasi humeguka vipande vidogo ambavyo jicho huviona kama meno. Makali yanayokata vitu vya kukwaruza, kama katoni, kamba na ngozi yenye mchanga, hulika polepole hata chuma kikiwa kizuri. Ukinunua chuma kisicholika wakati shida yako ni kujikunja au kumeguka, umetibu malaria kwa dawa ya macho.

Niliomba kuiona bucha yenyewe. Kuna gogo la mti la kukatia mifupa kwa panga, lakini nyama laini inakatwa juu ya kaunta, na kaunta imefunikwa vigae vyeupe. Ngozi ya kigae ni ya kioo, na kioo hicho ni kigumu kuliko chuma cha kisu kile. Kila mara makali yalipopita nyama yaligonga kigae. Kisu cha bei mara kumi kingepata tabu pale pale, ila kingechelewa kidogo kulalamika. Ubao wa plastiki mweupe, ule mnene, ndio uliokuwa ununuzi wa kwanza kabla ya kisu chochote, na haukutoka kwenye zile elfu mbili na mia tano. Hilo nilimwambia waziwazi: ubao ni gharama ya bucha, kama mizani.

Kisu cha springi

Cha pili nilikipenda tangu kilipotoka kwenye gazeti alilokifungia. Kilifuliwa na fundi wa jua kali Kamukunji kutoka kwa springi ya gari, na fundi yule anajua kazi. Msuka, ule mkia wa bapa unaoingia kwenye kipini, unapita urefu wote wa kipini, na misumari mitatu imekaa sawa. Tupa iliuma kwa shida, karibu kuteleza.

Springi za magari si takataka, ingawa wako wanaozidharau kwa sababu zimetoka kwa gari lililokufa. Zile za viwango vya Marekani mara nyingi ni 5160, yenye kaboni karibu asilimia 0.60 na kromiamu chini ya 1. Za viwango vya Japani, ambazo ndizo zimejaa barabarani kwetu, nyingi ni za jamii ya SUP9, ambayo ni karibu ndugu yake. Kaboni hiyo inatosha kisu, na chuma chenyewe kimeundwa kupinda na kurudi bila kuvunjika. Ukikiangusha sakafuni, ncha haivunjiki ovyo. Lakini springi ikiwa bado springi ni laini kwa kisu, ugumu wake ukiwa kwenye arobaini na kitu. Ni lazima fundi aipashe moto mpaka sumaku isiishike tena, jambo linalotokea kwenye nyuzi 770 za Selsiasi hivi, aizidishie kidogo, aitumbukize kwenye mafuta, halafu aipashe tena kwa joto la chini ili kuondoa ule ugumu wa kuvunjika. Anayeitumbukiza kwenye maji baridi anacheza kamari, maana chuma hicho hupasuka. Anayeiacha ipoe hewani amekupa kipande cha springi chenye kipini. Tena springi iliyochakaa inaweza kuwa na ufa usioonekana. Fundi mwangalifu hukata mbali na tundu la katikati na mahali palipokuwa na mikwaruzo mirefu.

Basi kwa nini kisu hiki nacho kilimshinda? Kwa wiki za mwanzo hakikumshinda, na mwenyewe alikiri. Kilibadilika baada ya kunolewa na kijana anayezunguka mtaani na gurudumu la mota. Tangu siku hiyo kila kikinolewa hakimalizi mzoga mmoja.

Nilikisugua kwa kitambaa chenye mafuta nikakitazama dirishani. Kuanzia katikati hadi kwenye ncha, milimita chache juu ya makali, kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia unaogeuka zambarau na kuishia buluu. Mtu wa karakana akiona rangi hiyo haulizi tena. Chuma kinachopashwa moto huonyesha rangi kwa mpangilio: manjano hafifu kwenye nyuzi 220 hivi, kahawia, zambarau, kisha buluu karibu na 300. Kisu cha springi hupewa joto la mwisho la nyuzi 200 hivi. Kikipanda hadi 300 ugumu wake umepungua, na hakuna kukipoza baadaye kutakakoufanya urudi. Makali ni membamba, hayana pa kupeleka joto, kwa hiyo kwenye gurudumu kavu hufika huko kwa kufumba na kufumbua, cheche zikiwafurahisha watoto. Tumbo la kisu linaweza kuwa baridi mkononi ilhali ukingo wake umeshaungua. Kijana wa gurudumu hana nia mbaya. Analipwa kwa kisu, si kwa saa, na mteja anataka kuona cheche.

Habari njema ni kwamba kilichoungua ni ukingo tu. Tuliusaga kwa jiwe lililolowa maji, taratibu, mpaka buluu yote ikaisha na tukaingia kidogo ndani ya chuma kizima. Ni kazi ya jasho. Kisu kilirudi kuwa kisu.

Hata hivyo hakikuwa kisu cha kazi yake, na sababu haipo kwenye chuma. Mgongo wake ni milimita 6, na unene huo unashuka karibu wote hadi pale makali yanapoanza. Kwenye paja la mbuzi, makali yanaingia vizuri, kisha mabega ya bapa yanaanza kupasua nyama badala ya kuikata. Uwezo wa kukata uko kwanza katika wembamba wa bapa nyuma ya makali, halafu katika pembe ya makali, na jina la chuma linakuja nyuma ya hayo yote. Chuma kinaamua ni muda gani makali yatadumu na ni wembamba kiasi gani unaweza kuyapa bila kujikunja au kumeguka. Hakikati chenyewe. Kisu chembamba cha chuma cha kawaida kitakishinda kisu kinene cha chuma cha fahari kila siku ya juma, na mtu yeyote anaweza kulithibitisha kwa kitunguu kimoja.

Orodha ya majina

Baada ya hapo tukarudi kwenye swali lake, likiwa sasa na masharti. Kisu ni cha kutenga nyama na mfupa na kukata vipande. Mifupa ni ya panga. Kinakaa kwenye damu na maji siku nzima, na damu ina chumvi. Jioni kinaoshwa kwa dawa ya klorini pamoja na kaunta. Kinanolewa na mwenyewe, kwa jiwe la kawaida la hadwea, akiwa amechoka. Sharti hilo la mwisho ndilo nililolipa uzito kuliko yote, na ndilo lisiloandikwa kwenye orodha yoyote ya vyuma.

1095 ilianguka kwanza. Ina kaboni karibu asilimia 1 na haina kromiamu. Inashika makali makali sana na kunoleka kwa raha, lakini kwenye bucha ungekikuta na madoa ya kutu kabla ya chai ya saa nne.

Kwenye D2 tulibishana. Jirani yake mmoja ana kisu cha D2 chenye ala, cha kutoka China, na anakisifu kwa kila mteja. "Mjomba, huyo hanoi mpaka mwezi uishe!" Sikatai. D2 ina kaboni karibu asilimia 1.5 na kromiamu 12, na sehemu kubwa ya vitu hivyo viwili imeungana kuwa chembe ngumu sana ndani ya chuma, ambazo ndizo zinazokizuia kulika. Kwa mtu anayekata kamba, mipira na maboksi makavu ningemwambia anunue kesho. Ila chembe hizo zina hasara zake tatu. Kromiamu iliyofungwa ndani yake hailindi kisu na kutu, kwa hiyo ile 12 iliyoandikwa kwenye karatasi haifanyi kazi ya 12, na kisu hutoka madoa kikikaa kwenye unyevu. Makali membamba humeguka kikigonga mfupa, na kutenga nyama ni kugonga mfupa kutwa. Tena kikishakuwa butu, kukirudisha kwa jiwe la bei ndogo ni adhabu. Jirani hanoi mpaka mwezi uishe. Sikusikia akisema mwezi ukiisha anafanyaje. Baadaye ilibainika kwamba hukipeleka kwa kijana wa gurudumu.

440C halisi ingefaa. Kwa bei ile, hata hivyo, tulichokiona ni 440 ile ile isiyo na herufi. 8Cr13MoV nayo si mbaya: jina linajieleza, kaboni 0.8 na kromiamu 13. Visu vya kukunja vya bei ya kati vimejaa chuma hicho. Lakini visu vyake visivyokunjwa tulivyovipata vilikuwa vya kambi, vyenye migongo minene na meno mgongoni. Meno ya mgongoni ni ya picha.

Kulikuwa pia na visu vya Mora vya Sweden, ambavyo mimi mwenyewe ningependa kuwa navyo. Stenlesi yao ya kawaida ni 12C27, kaboni 0.6 na kromiamu 13.5, chuma safi chenye chembe ndogo sana, kilichogumishwa vizuri, kwa bei ya chini ukilinganisha na kazi. Hakuna kisu cha bei ndogo ninachokiamini zaidi kwa shamba au safari. Bapa lake hata hivyo ni kama sentimita 10, fupi kwa paja, na lina pembe moja pana iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao.

Kilichobaki ni vile visu vyeupe vya bucha ambavyo hakuna anayevipiga picha: kipini cha plastiki kilichomiminwa juu ya msuka bila nafasi ya damu kuingia, bapa jembamba la sentimita 15, chuma cha viwango vya Ujerumani, 1.4116 au 1.4110. Tramontina ya Brazil hutumia hicho cha pili kwenye visu vyake vya kazi. 1.4116 ndiyo ile inayoandikwa X50CrMoV15, na jina hilo ni risiti ya mchanganyiko: kaboni asilimia 0.50, kromiamu karibu 15, molibdeni na vanadi kidogo. Mwanya kati ya kaboni ndogo na kromiamu nyingi ndio unaokifanya kivumilie maji na chumvi, na molibdeni inasaidia dhidi ya vitundu vya klorini. Usikiloweke humo usiku kucha, lakini. Klorini hutoboa stenlesi yoyote ukiipa muda.

Wapenzi wa visu hukidharau chuma hiki kwa sababu ugumu wake huishia 55 hadi 57. Kwa huyu kijana ugumu huo ulikuwa ndio hasa unaotakiwa. Kikigonga mfupa kinajikunja kidogo badala ya kumeguka, na kilichojikunja kinanyooshwa kwa kukipitisha mara chache kwenye chuma cha kunolea cha mviringo, dakika haiishi. Jiwe linaingia kazini mara moja moja tu.

Tulikichukua kwenye duka la vifaa vya hoteli katikati ya jiji. Nilikipima kwa sumaku na kutazama mgongo, milimita mbili na ushei, na kupinda ncha kidogo kuona kama inarudi ilipotoka. Fedha zilizobaki zilinunua chuma cha kunolea na jiwe la pande mbili. Nilimwonyesha pembe bila kumtajia nyuzi: bapa lina upana wa milimita 25 hivi, basi mgongo uinuke juu ya jiwe kama milimita 8, na hapo uko karibu na nyuzi 19, ndani ya zile 15 hadi 20 zinazofaa. Alikata kipande cha mti cha unene huo kikawa kipimo chake.

Kisu cha Gikomba kinafungua magunia ya makaa. Cha springi kimehamia kwenye choma, ambako unene wake si neno: kinagawa mbavu juu ya ubao, kinapanguswa mafuta, hakioshwi kwa klorini.

Kisa kingeishia hapo, ila nilipita Kamukunji kumwona yule fundi. Nilimpa maelezo ya kisu kingine cha springi: mgongo milimita 3 tu, ukishuka hadi nusu milimita nyuma ya makali, mafuta badala ya maji, na joto la mwisho lifanyike kwenye oveni ya mkate, nyuzi 200, mara mbili, saa mbili kila mara. Alisikiliza mpaka mwisho akakuna kichwa.

"Kazi naiweza, mzee. Shida ni kwamba wateja hupima kisu kwa uzito. Nikitengeneza chembamba hivyo, watasema nimewaibia chuma."

Tulikubaliana bei, na akataka nusu yake mapema, kwa sababu nikikikataa hakuna mwingine hapo atakayekinunua.